Total War: Warhammer III: Madola ya Kubuni Yaliyokopa Historia ya Kweli

Ramani ya kampeni ya Immortal Empires, ambayo ndiyo kiini cha mchezo wa kompyuta wa Total War: Warhammer III, humtatiza kidogo anayeitazama kwa mara ya kwanza, kwa kuwa anaitambua ilhali hajawahi kuiona. Upande wa kaskazini kuna falme zenye majina ya sauti ya Kijerumani na Kifaransa. Kusini mwake kuna jangwa lenye piramidi. Mashariki ya mbali kuna dola lililojikinga kwa ukuta mrefu. Na magharibi, ukishavuka bahari kuu, kuna misitu minene yenye mahekalu ya ngazi. Ni dunia yetu, ikiwa imepindwa kidogo na kuongezewa majoka, mashetani na kisiwa kikubwa katikati ya bahari wanakoishi High Elves.

Mchezo huu ulitolewa tarehe 17 Februari 2022 na Creative Assembly, studio ya Uingereza iliyo chini ya Sega, ukiwa wa tatu katika mfululizo ulioanza mwaka 2016. Ulimwengu wake haukubuniwa na studio hiyo. Ulitoka kwa Games Workshop ya Nottingham, na asili yake ni Warhammer, mchezo wa mezani wa mwaka 1983 unaochezwa kwa sanamu ndogo za askari, dadu na rula. Mchezo ule ulizaliwa miongoni mwa watu waliokwisha kuzoea kupigana mezani vita vya Warumi na vya Napoleon kwa sanamu za madini ya risasi, na hilo linaeleza kwa nini majeshi yake ya kubuni yanafanana mno na yale ya vitabu vya historia. Creative Assembly nao walikuwa na historia mikononi tangu mwanzo: Shogun: Total War ya mwaka 2000 ilihusu Japani, kisha zikafuata Ulaya ya zama za kati, Roma, Attila na China ya falme tatu. Studio yenye ujuzi huo inastahili kipimo kigumu kuliko wengine. Kipimo changu ni hiki: je, historia iliyokopwa imeingia katika kanuni za uchezaji, kiasi kwamba mchezaji anasukumwa kuwaza kama mtawala wa zama zile, au imeishia kwenye mavazi ya askari na majina ya miji? Jibu hutofautiana sana kutoka dola moja hadi jingine.

Kwanza, uchezaji wenyewe kwa ufupi. Kwenye ramani mchezaji huendesha dola kwa zamu: hujenga miji, hutoza kodi, huunda majeshi, hufunga mikataba na majirani na, akiona inafaa, huivunja. Majeshi mawili yakikutana, mchezo huhamia uwanjani, na huko vita hupiganwa papo kwa papo, mamia au maelfu ya askari wakiongozwa kwa vikosi. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyoijengea studio jina, na bado inapendeza: kishindo cha farasi wanaoingia ubavuni mwa askari wa miguu waliokwisha kuchoka, na hofu inayoenea kutoka kikosi kimoja hadi kingine mpaka safu nzima inavunjika. Hayo ni matunda ya miaka mingi ya kuiga vita vya kweli, na uchawi wote ulioongezwa juu yake haujayafuta.

Dola linalojulikana zaidi ni Empire, ambalo Kaisari wake, Karl Franz, hutawala kutoka mji wa Altdorf. Hili ni Dola Takatifu la Roma la karne ya 16 lililobadilishwa jina, na waundaji hawajajisumbua kulificha. Katika dola lile la kweli Kaisari hakurithi kiti, alichaguliwa. Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356 ilitaja wachaguzi saba: maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Cologne, mfalme wa Bohemia, na watawala wa Palatinate ya Rhine, Saxony na Brandenburg. Mchezo umechukua wazo hilo na kulifanya kanuni. Kila mtawala wa jimbo ana kipimo cha utii wake kwa Kaisari, kipimo hicho hupanda au kushuka kwa maamuzi ya mchezaji, na utii ukifika kileleni jimbo linaweza kuunganishwa kwa amani na mamlaka ya Altdorf. Matokeo yake ni kwamba zamu nyingi za mwanzo hutumika kuwatuliza majirani wanaoitwa raia wako huku adui wa kweli akichoma vijiji vya mpakani, jambo ambalo Makaisari wa ukoo wa Habsburg wangelielewa mara moja.

Hata hivyo, utamu mwenyewe wa uchaguzi ule umeachwa. Karl V alipochaguliwa mwaka 1519, kura zilimgharimu takriban gulden 850,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa kwa Jakob Fugger, tajiri wa Augsburg. Mkopo wa namna hiyo, ambao ungemlazimu mchezaji kuweka rehani migodi yake ili apate taji, ungekuwa kanuni ya kuvutia kuliko sarafu ya heshima isiyo na umbo ambayo mchezo unaitumia. Kaisari wa Warhammer hana deni kwa mtu yeyote, na kwa hiyo si Kaisari kamili.

Upande wa jeshi la Empire, wasanii wamefanya kazi ya kusifiwa. Askari wake ni mamluki wa Kijerumani walioitwa Landsknecht, walioundwa chini ya Maximilian I mwishoni mwa karne ya 15: suruali na mikono ya nguo iliyochanwachanwa na kutuna, kofia zenye manyoya, panga za kushikwa kwa mikono miwili. Wapo hata watu wanaojichapa mijeledi kwa toba, kama waliozunguka miji ya Ulaya wakati wa tauni ya mwaka 1349. Lakini silaha kuu ya Landsknecht wa kweli ilikuwa mkuki mrefu wa mita nne hadi tano, uliobebwa na watu waliopangwa katika miraba mikubwa, na silaha hiyo haimo kabisa katika orodha ya vikosi vya Empire. Ni kama kuandika juu ya Wamongolia bila pinde. Yapo pia magari ya vita yaliyotokana na yale ya Jan Žižka, kiongozi wa Wahussi, waasi wa kidini wa Bohemia ambao wengi wao walikuwa wakulima, katika miaka ya 1420, na hapo maana imegeuzwa juu chini: magari ya Žižka yalisimama, yakafungwa pamoja kwa minyororo na kuwa ngome ya muda, ilhali ya mchezo hukimbia huku na huko uwanjani yakifyatua risasi. Mchezaji aliyetaka kujua kwa nini wakulima waliweza kuwashinda mashujaa wenye mavazi ya chuma hatapata jibu humo.

Jirani wa Empire ni Bretonnia, ambalo ni Ufaransa ya karne ya 14 na 15 iliyochanganywa na hekaya za Mfalme Arthur. Majina yenyewe yanasema: Bordeleaux, Carcassonne, L'Anguille. Yupo hata Repanse, binti mwenye bendera na upanga ambaye kila msomaji atamtambua kuwa ni Jeanne d'Arc aliyeepushwa na moto wa Rouen wa mwaka 1431. Dola hili lilipoongezwa mwaka 2017 lilikuja na kanuni moja ambayo mpaka leo naihesabu kuwa miongoni mwa bora za mfululizo wote. Wakulima wanaoitwa jeshini wana kikomo. Ukikizidisha, mapato ya dola huporomoka, kwa sababu mtu aliyeshika mkuki hawezi wakati huohuo kushika jembe. Mashujaa wa farasi nao hupanda daraja kwa nadhiri wanazotimiza. Kwa hiyo mchezaji hujikuta, bila kuhubiriwa, akiwadharau askari wake wa miguu, akiwatumia kama kinga ya mishale na akitumaini kwamba farasi watamaliza kazi. Ndivyo walivyofikiri wakuu wa Ufaransa kabla ya kushindwa na Waingereza huko Crécy mwaka 1346 na Poitiers mwaka 1356, na ndivyo walivyoendelea kufikiri hata wakulima wao walipoasi mwaka 1358.

Uzuri wa kuweka Bretonnia na Empire kwenye ramani moja ni kwamba zama mbili zinakutana uwanjani. Farasi wenye mavazi ya chuma wanashambulia, na mbele yao wamesimama watu wa bunduki nyuma ya safu ya mikuki. Vita hivyo vilitokea kweli, huko Pavia tarehe 24 Februari 1525, ambapo bunduki za Wahispania na miraba ya Landsknecht zilivunja farasi wa Ufaransa na Mfalme Francis I akachukuliwa mateka. Mchezo hauitaji Pavia popote, lakini nimeona matokeo yakifanana nayo mara nyingi: farasi wakifika ubavuni wanashinda, wakifika usoni wanakwisha.

Zama hizo zilezile zinapofika kwenye vita vya kuzingira miji, mambo huharibika. Mizinga ya Charles VIII ilipoingia Italia mwaka 1494, kuta ndefu na nyembamba za zama za kati zilionekana kuwa hazina faida tena, na ndani ya miongo michache wajenzi wakaanza kuinua ngome fupi, nene, zenye pembe za nyota. Empire lina mizinga mizuri kuliko karibu madola yote, ila miji yake bado ina kuta za zama za kati, na mchezo ulipotoka kikosi chochote cha miguu kiliweza kutoa ngazi mahali pasipojulikana na kuzipanda. Minara ya kujengwa katikati ya vita, iliyoletwa na toleo la tatu, haikutibu tatizo hilo. Kuzingira mji ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote za mchezo huu, na mchezaji mzoefu atajifunza kumshawishi adui atoke nje ya mji ili aepuke kuicheza.

Kuhusu Kislev sina mengi. Dola hili la theluji na dubu limeunganisha wapanda farasi wenye mabawa wa Poland, waliopata sifa kubwa mbele ya Vienna mwaka 1683, na askari wa bunduki wa Moscow walioitwa Streltsy, walioanzishwa na Ivan IV katikati ya karne ya 16. Anayejua kwamba Wapoland waliikalia Moscow kati ya mwaka 1610 na 1612 atacheka kidogo kuona mahasimu hao wamevalishwa koti moja. Wazo la kushindanisha baraza la malkia na viongozi wa dini katika kuwania wafuasi lina mizizi ya kweli, kwani Tsar Alexis wa Urusi na Patriaki Nikon, mkuu wa kanisa lake, walivutana hivyo hadi Nikon akavuliwa cheo mwaka 1666. Ila katika mchezo ushindani huo ni mbio za kujaza kipimo, na anayetangulia kukijaza hupewa zawadi. Kislev linapendeza machoni kuliko linavyochezeka.

Cathay, dola lililoigwa kutoka China, linastahili maneno mengi zaidi. Kwenye mchezo wa mezani dola hili lilitajwa kwa miongo mingi bila kuwa na jeshi lake kamili, hivyo Creative Assembly walilijenga kwa kushirikiana na Games Workshop karibu kutoka mwanzo, na studio iliyotoka tu kutengeneza Three Kingdoms mwaka 2019 haikukosa malighafi. Kiti cha joka cha Makaisari wa China kimechukuliwa hapa kwa maana yake ya wazi: watawala ni majoka hasa, Miao Ying akilinda kaskazini na ndugu yake Zhao Ming akilinda magharibi. Ukuta wao, unaoitwa Great Bastion, una malango matatu, na upo mfumo unaopima jinsi tishio la watu wa kaskazini linavyokua hadi linapolipuka na kuwa uvamizi. Ukuta wa China ambao wageni hupiga picha leo ni kazi ya utawala wa Ming, uliodumu kuanzia mwaka 1368 hadi 1644, na hali ya mpaka ule ilikuwa hivyohivyo kwa sehemu: miaka ya utulivu, kisha wingu la farasi, kama mwaka 1550 ambapo Altan Khan alifika viungani mwa Beijing.

Kwa sehemu tu, kwa sababu ukuta wa kweli ulikuwa pia mlango wa biashara. Mwaka 1571 Wachina na Altan Khan walifanya amani, masoko ya farasi yakafunguliwa, na mpaka ukatulia kwa muda mrefu kuliko mnara wowote ungeweza kuutuliza. Tena mwaka 1644 Wamanchu hawakuubomoa ukuta. Jemadari Wu Sangui aliwafungulia lango la Shanhai. Great Bastion la mchezo halina nafasi ya mapatano wala ya usaliti. Adui hushambulia, nawe hulinda. Kwa dola linalojinasibu kwa hekima ya kale, huo ni upungufu mkubwa.

Kinachofidia ni misafara. Mchezaji huteua kiongozi, humpa bidhaa na walinzi, kisha humpeleka magharibi kwenye miji ya mbali, akipambana njiani na wanyang'anyi, watoza ushuru na bahati mbaya za kila aina. Anayefika salama huleta faida inayoweza kulipia jeshi zima. Hapa njia ya hariri imegeuzwa kuwa uamuzi wa kiuchumi: niwape walinzi wangu bora, ilhali ukuta unawahitaji? Mfumo wa mizani ya yin na yang, nguvu mbili zinazokamilishana katika fikra za Kichina, ni mwembamba zaidi, kwani kwenye ramani umekuwa kazi ya kujumlisha na kutoa majengo ili namba zilingane. Uwanjani, hata hivyo, una maana: vikosi vya kupigana kwa karibu na vya kurusha kutoka mbali hupata nguvu vikisimama pamoja. Hilo linakumbusha kazi ya Qi Jiguang, jemadari wa Ming wa karne ya 16, aliyewapanga askari katika vikundi vya watu wapatao 12, wabeba ngao mbele, wabeba mianzi mirefu yenye matawi nyuma yao, kisha wabeba mikuki, kila silaha ikiziba udhaifu wa nyingine. Kuanzia mwaka 1568 huyohuyo Qi alisimamia ujenzi wa minara kwenye ukuta wa kaskazini. Sijui kama waandishi wa kanuni walimfikiria, ila wameifikia fikra yake.

Tomb Kings, wafalme wa jangwa walioamka kutoka makaburini, waliongezwa mwezi Januari 2018 kwenye mchezo wa pili, na wanaweza kuchezwa ndani ya huu wa tatu na aliyewanunua. Mji wao mkuu unaitwa Khemri, jina lililo karibu sana na Kemet, ambalo ndilo Wamisri wa kale waliloiita nchi yao. Kanuni zao zimefikiriwa vizuri. Askari hawana gharama ya kuandikishwa wala mishahara, maana wafu hawali. Kinachozuia dola kupanuka ni idadi ya majeshi yanayoruhusiwa, na idadi hiyo huongezeka kwa kuamsha nasaba za wafalme waliotangulia. Mchezaji aliyezoea kuhesabu dhahabu hulazimika kuhesabu vizazi. Mapambo ya kidini nayo yamepewa kazi: mitungi ambamo Wamisri walihifadhi viungo vya marehemu imekuwa sarafu ya kutengenezea silaha za ibada.

Magari ya farasi ya Settra, mfalme wao mkuu, yanatoka moja kwa moja kwenye zama za Ramses II na vita vya Kadesh vya takriban mwaka 1274 KK. Gari la Kimisri lilikuwa jepesi, likibeba mwendeshaji na mpiga mishale, na lilikusudiwa kuzunguka adui badala ya kumgonga. Mchezo una magari ya mishale yanayofanya hivyo, nayo ni raha kuyaongoza, ingawa wachezaji wengi watavutiwa zaidi na yale ya kuponda. Jambo lililonishangaza ni Ushabti. Katika makaburi ya Misri hivi vilikuwa visanamu vidogo vilivyozikwa na maiti ili vimfanyie kazi za shamba huko aendako. Kaburi la Tutankhamun lilikuwa na 413. Katika mchezo vimekuwa majitu ya mawe yenye vichwa vya wanyama. Cathay limefanya vilevile: askari wa udongo wa Qin Shi Huang, Kaisari wa kwanza wa China, waliofukuliwa kuanzia mwaka 1974 karibu na Xi'an na wenye kimo cha mtu, wamekuwa jitu moja lenye kupita kuta kwa urefu. Inaonekana kila sanamu ya kaburini ikiingia Warhammer lazima irefuke.

Nafasi ya kwanza naipa Chaos Dwarfs, vibete wenye ndevu za mawimbi na kofia ndefu waliotolewa mwezi Aprili 2023. Mavazi yao ni ya Ashuru na Babeli bila shaka yoyote: mji wao Zharr-Naggrund ni mnara wa ngazi unaoikumbusha Etemenanki ya Babeli, mungu wao ni fahali, na baadhi ya wachawi wao hupanda Lammasu, jina la fahali wenye mabawa na vichwa vya watu waliosimama malangoni mwa majumba ya Sargon II. Hayo yangetosha kwa studio mvivu. Hapa uchumi wote umejengwa juu ya kazi ya mateka. Kila vita huleta watumwa. Watumwa hugawanywa majimboni kuchimba malighafi. Malighafi huyeyushwa kuwa silaha. Silaha huruhusu vikosi bora. Na vikosi bora huletwa vitani kwenda kutafuta watumwa wengine, kwa sababu waliopo hupungua kila zamu.

Mzunguko huo ni wa kutisha, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Wafalme wa Ashuru, hasa kuanzia Tiglath-Pileser III aliyeshika kiti mwaka 745 KK, waliwahamisha watu kwa maelfu kutoka nchi walizozishinda. Sargon II alijivunia kwa maandishi kwamba aliwahamisha watu 27,290 kutoka Samaria. Michongo ya jumba la Sennacherib huko Ninawi inaonyesha mateka wakikokota kwa kamba fahali mkubwa wa jiwe, wasimamizi wakiwa na fimbo juu yao. Mchezaji wa Chaos Dwarfs hufikia mahali ambapo anashambulia mji asiouhitaji, kwa sababu tu migodi yake inakaribia kukosa mikono. Hakuna maandishi ya kumlaumu wala kumsifu. Kanuni zenyewe zimemfikisha kwenye mantiki ya dola linaloishi kwa vita, na hakuna dola jingine katika mchezo huu lililonifundisha jambo la kihistoria kwa uchezaji peke yake kwa kiwango hicho. Kuna haki ya kuuliza kwa nini ukatili wa aina hiyo umetwikwa watu wa mashariki ilhali Empire, lililotokana na Ulaya ya karne ya 16, halijui utumwa hata kidogo.

Swali hilo linakuwa zito zaidi kwa Lizardmen. Lustria, bara lao, ni Amerika ya Kati na Kusini: mji wa Itza unakumbusha Chichén Itzá, mahekalu ni ya Wamaya na Waazteki, na Sotek ni mungu nyoka kama Quetzalcoatl. Wakazi wake ni mijusi na vyura. Wajerumani wa Warhammer ni watu, Wafaransa ni watu, Wachina ni watu wanaotawaliwa na majoka. Ila watu waliojenga Tenochtitlan na Chichén Itzá, na ambao wajukuu wao wanazungumza Kinahuatl na lugha za Kimaya hadi leo, wamegeuzwa wanyama watambaao. Lawama hii inawahusu Games Workshop kabla ya studio, maana uamuzi ulifanywa zamani. Studio nayo ingeweza kuupunguza makali kwa kanuni zenye akili, kwani Muungano wa Miji Mitatu wa Waazteki ulioanza mwaka 1428 ulitawala kwa namna ya pekee: uliwaacha wafalme wengi walioshindwa wakae vitini mwao na kudai ushuru wa pamba, kakao na manyoya. Chuki ya walipaji ushuru na maadui wa muungano huo, Tlaxcala wakiwa mbele, ndiyo iliyompa Mhispania Cortés jeshi la kuuangusha mji mkuu mwezi Agosti 1521. Lizardmen hawana lolote la hayo. Wanateka miji kama dola jingine lolote, na kafara za nabii wao Tehenhauin kwa Sotek ni orodha ya zawadi zinazonunuliwa kwa mateka.

Southlands, bara lenye umbo la Afrika, limepewa mijusi hao hao. Ukiondoa wafu wa jangwani, hakuna dola la watu linalotoka humo, wakati Aksum ilikuwa ikifua sarafu za dhahabu, Mali ikawa gumzo la Cairo Mansa Musa alipopita mwaka 1324, na Kilwa ikatembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Nchi ya Araby nayo ipo kwenye ramani kwa jina, ila watu wake hawachezeki. Ardhi yao wanaigombania wafu na mashujaa wa Bretonnia. Mchezo wenye madola mengi kiasi hiki hauwezi kujitetea kwa kukosa nafasi.

Wengine nawapita haraka. Norsca ni Waviking waliobakiziwa uporaji na kunyang'anywa biashara. Vlad von Carstein ameazima jina la Vlad III wa Wallachia na kuacha mengine yote. Skaven, panya wanaosambaza tauni na kuchimba miji chini ya miji, hawana taifa la kihistoria nyuma yao, na labda ndiyo sababu wanachezeka kwa uhuru mkubwa kuliko wote.

Kwa anayefikiria kununua, ajue kwamba mchezo unauzwa vipandevipande. Tangu mwaka 2023 mwenye toleo la tatu peke yake huipata ramani kubwa ya Immortal Empires, akiwa na Cathay, Kislev na majeshi machache mengine; Empire na Bretonnia zinatokana na mchezo wa mwaka 2016, Lizardmen na wa mwaka 2017, na Tomb Kings pamoja na Chaos Dwarfs ni nyongeza za kulipiwa. Ubora wa nyongeza haulingani: ile iitwayo Shadows of Change ya mwaka 2023 ilipokewa kwa hasira kwa sababu ya bei yake na uchache wa maudhui, hadi studio ikalazimika kuiongezea vitu baadaye. Mchezo wenyewe hula zaidi ya gigabaiti 100 za diski na hudai kompyuta yenye nguvu ya kutosha, hasa zamu zinapokuwa nyingi na madola ya ramani yote yanasubiri kufanya maamuzi yao. Kwa msomaji wa historia ningeshauri aanze na Cathay, ambalo limo ndani ya toleo la tatu na ambalo misafara yake itamweleza mapema kama uchezaji wa aina hii unamfaa. Ukimfaa, fedha inayofuata iende kwa Chaos Dwarfs, kisha Tomb Kings, na toleo la mwaka 2016 alisubiri mpaka lishushwe bei, kwa ajili ya Bretonnia zaidi kuliko Empire.